Una siku moja Nice: uende Saint-Paul-de-Vence au Èze?

Mtu akifika Nice kwa kazi, kwa mkutano au kumtembelea ndugu aliyehamia kusini mwa Ufaransa, kwa kawaida hubakiwa na siku moja tu ya kutembea. Ufukwe ameshauona na soko la maua ameshapita. Kila anayemwuliza humtajia vijiji viwili vya kale vilivyo juu ya vilima: Èze upande wa mashariki na Saint-Paul-de-Vence upande wa magharibi. Vyote vinafikika kwa basi la umma na vyote ni vizuri. Hapo ndipo anapokwama.

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba Èze ni ya mandhari na Saint-Paul ni ya sanaa. Si uongo, ila halimsaidii mtu mwenye mama wa miaka sabini, wala mwenye mtoto wa kusukumwa kwenye kigari, wala aliyeamka akakuta wingu zito limefunika milima. Kwa hiyo hapa navipima kwa vigezo vilevile: kuta na historia yake, njia ya kufika, kazi itakayoifanya miguu yako, vitu vya kuona, gharama, na umati wa watu. Kwa maoni yangu miguu na saa ya kutoka hotelini vina uzito kuliko vyote, ingawa ndivyo watu wanavyovifikiria mwisho.

Kuta na historia

Vijiji hivi vilipanda vilimani kwa sababu moja, nayo ni hofu ya maadui. Mwaka 1388 Nice na viunga vyake vilijitenga na jimbo la Provence vikajiweka chini ya Savoy, ukoo wa watawala jirani. Mto Var, unaoingia baharini karibu kabisa na uwanja wa ndege wa leo, ukawa mpaka. Saint-Paul ilibaki upande wa Provence, ambayo mwishoni mwa karne ya 15 iliingia mikononi mwa wafalme wa Ufaransa. Èze ilikuwa upande wa Savoy. Kwa sehemu kubwa ya muda hadi mwaka 1860, Nice ilipounganishwa na Ufaransa, vijiji hivi viwili vilikuwa chini ya mabwana tofauti, na mara nyingi mabwana hao walikuwa vitani.

Jambo hilo linaonekana mpaka leo kwenye mawe. Mwaka 1536 majeshi ya Charles V, mfalme wa Hispania na mpinzani mkuu wa Ufaransa, yalivuka Var na kuivamia Provence. Baadaye mfalme wa Ufaransa, François I, aliagiza Saint-Paul izungushiwe ukuta mpya wa kuhimili mizinga. Ulijengwa katika miaka ya 1540, na ili upate nafasi nyumba nyingi zilibomolewa; wenyewe wakahamia bondeni, kunako La Colle ya leo. Ukuta huo upo karibu wote, pamoja na malango yake na pembe zake nene zilizochongoka kama mikuki. Unaweza kutembea juu yake na kutazama mashamba ya mizabibu, makaburi, na bahari kwa mbali. Kwenye lango la kaskazini kuna mzinga wa zamani unaoelezwa kuwa ulitekwa katika vita vya Cérisoles, mwaka 1544.

Èze mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 1706 Louis XIV aliamuru kuta zake zibomolewe. Kilichobaki ni lango la karne ya 14 liitwalo La Poterne, magofu ya ngome kileleni, na nyumba zenyewe, ambazo zimebanana na kushikamana na mwamba kiasi kwamba ukitazama kutoka barabarani utadhani ukuta bado upo. Mfalme mmoja wa Ufaransa alijenga upande huu, mwingine akabomoa upande ule.

Kwa hiyo kama unachokitaka hasa ni boma, yaani ukuta wa kuushika na kuuzunguka, Saint-Paul itakuridhisha zaidi. Kama unataka kuelewa kwa nini watu walikubali kubeba maji na nafaka hadi juu ya mwamba mkali, Èze itakueleza kabla hujamaliza kupanda.

Kufika

Èze iko karibu zaidi, kama kilomita 12 kutoka Nice. Basi namba 82 huanzia kituo cha Vauban, ambako unafika kwa tramu namba 1, na huchukua takriban nusu saa kupitia barabara ya kati ya mlimani, Moyenne Corniche. Wakati wa kwenda kaa upande wa kulia, maana bahari iko huko na barabara yenyewe ni sehemu ya safari.

Kuna pia treni, na hapa nawasihi wasomaji wawe makini. Treni ya kutoka Nice hufika Èze-sur-Mer kwa kama robo saa, na wageni wengi hushuka wakidhani wamefika. Kituo hicho kipo usawa wa bahari. Kijiji kiko juu ya kichwa chako, karibu mita 430 kwenda juu. Kutoka hapo unapanda kwa basi dogo namba 83, au kwa miguu kupitia njia ya mlimani nitakayoizungumzia chini.

Saint-Paul iko umbali wa kama kilomita 20. Haina kituo cha treni. Mabasi yake ni yale yanayokwenda Vence, na huondokea upande wa magharibi wa mji; unapanda tramu namba 2 hadi Parc Phoenix, kisha unaunganisha. Vitabu vya zamani vya wasafiri bado vinataja basi namba 400, lakini siku hizi namba ni 655. Njia nyingine ni treni hadi Cagnes-sur-Mer, halafu basi. Tenga kama saa nzima, na zaidi ya hapo ikiwa ni jioni, watu wanapotoka kazini.

Wenye gari la kukodi wajue kwamba kote kuwili wageni huacha gari nje ya kijiji, kwenye maegesho ya kulipia ambayo hujaa mapema. Na uende kote utakakokwenda, soma saa ya basi la mwisho la kurudi kabla hujaanza kuzurura. Ratiba za jioni na za Jumapili ni chache kuliko unavyotarajia.

Miguu

Aliyezoea vichochoro vya Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja atajisikia mwenyeji katika vijiji vyote viwili: njia nyembamba, kivuli hata saa sita mchana, milango mizito, na kona usiyojua inatokea wapi. Tofauti ni kwamba huku njia zinapanda, na haziinuki kwa kiwango kimoja.

Saint-Paul ni ndefu na nyembamba. Barabara yake kuu, Rue Grande, inatoka lango la kaskazini hadi la kusini ikipanda na kushuka kwa upole, na imetandikwa kokoto zilizopangwa kwa mapambo ya maua. Kigari cha mtoto kitarukaruka lakini kitapita. Mzee mwenye fimbo atafika mwisho wa kijiji na kurudi akipumzika njiani, na yuko huru kukaa kwenye kiwanja kilicho nje ya lango, chini ya miti, kutazama watu wakicheza pétanque, ule mchezo wa kurusha mipira ya chuma. Wanacheza kwa bidii na wanabishana kwa dhati; kukaa pale ni starehe tosha.

Èze inadai zaidi. Ukishuka kwenye basi unaanza kupanda hadi lango, ukiingia unakuta ngazi, na ukizimaliza bado hujafika bustani iliyoko kileleni, ambayo nayo ina ngazi zake. Kiti cha magurudumu hakifai humo. Mwenye magoti mabovu anaweza kufika katikati na kufurahi, lakini zawadi kubwa ya Èze iko juu kabisa, na si haki kumpeleka mtu mahali ambapo atasubiri chini wakati wengine wanaona.

Kwa wenye nguvu, Èze ina kitu ambacho Saint-Paul haina: njia ya miguu kutoka ufukweni hadi kijijini, iliyopewa jina la Nietzsche, mwanafalsafa wa Kijerumani aliyekuwa akikaa Nice majira ya baridi katika miaka ya 1880 na kupenda kuipanda. Kupanda huchukua kati ya saa moja na saa moja na nusu. Ni mawe yanayoteleza, kivuli ni kidogo, na huko njiani hakuna pa kununua maji. Vaa viatu vya kushika ardhi, si ndala. Wakati wa kiangazi usijaribu mchana, na uulize kwanza kama iko wazi, kwa kuwa hufungwa mawe yakiporomoka au hatari ya moto ikiwa kubwa.

Cha kuona

Hapa vijiji vinaachana kabisa, na hapa nitakaa kidogo.

Èze inakupa mahali pamoja pakubwa: bustani ya mimea ya jangwani iliyoanzishwa mwaka 1949 juu ya magofu ya ile ngome. Kuna mipungate ya Amerika, mishubiri ya Afrika, na mimea mingine minene ya nchi kavu, yote ikistawi kwa sababu mteremko umeelekea kusini, mwamba unatunza joto na maji ya mvua hayatuami. Katikati ya mimea zimesimamishwa sanamu nyembamba za wanawake, kazi ya Jean-Philippe Richard. Ukifika juu unaiona rasi ya Cap Ferrat chini yako, ghuba, na meli zikiwa ndogo mno. Asubuhi za baridi hewa ikiwa safi, kisiwa cha Corsica huonekana kwenye upeo wa macho. Sijui pwani nyingine ya Ulaya ambapo basi la mjini linakufikisha kwenye mandhari ya namna hii kwa nusu saa.

Mbali na bustani, kuna kanisa la karne ya 18 lenye uso wa rangi ya manjano, na chini ya kijiji kuna karakana za manukato za Fragonard na Galimard, ambazo hutembeza wageni bila malipo na kuwatolea dukani. Baada ya hapo Èze imekwisha. Saa mbili au tatu zinatosha. Na wingu likishuka, kilichobaki ni ngazi na maduka.

Saint-Paul haitegemei mbingu. Kijiji hiki kilivuta wachoraji tangu miaka ya 1920, wakati Paul Roux, mwenye hoteli ya La Colombe d'Or, alipokuwa akipokea picha kutoka kwa wageni wake wasanii. Hadi leo kuta za hoteli hiyo zina kazi za Picasso, Matisse, Braque na Léger. Anayezitazama ni anayekula au kulala hapo, na meza huwekwa mapema. Mchoraji Marc Chagall aliishi Saint-Paul kuanzia 1966 hadi alipofariki mwaka 1985, na kaburi lake liko kwenye makaburi ya kijiji, nje ya lango la kusini. Ni kaburi la kawaida sana. Wageni huweka vijiwe juu yake, kwa desturi ya Kiyahudi.

Kisha kuna Fondation Maeght, mwendo wa kama robo saa au zaidi kidogo kutoka kijijini, kwa kupanda. Ilifunguliwa mwaka 1964 na wanandoa Aimé na Marguerite Maeght, ikachorwa na msanifu Josep Lluís Sert, na wasanii wenyewe walishiriki kuiunda: ua wa sanamu za Giacometti, bustani ya Miró yenye njia za kupotezana, bwawa la Braque. Hata mtu asiyependa majumba ya sanaa hupapenda, kwa sababu nusu yake ni ya nje, katikati ya misonobari.

Lakini jina ambalo mimi ningependa msomaji wa Afrika Mashariki aende nalo Saint-Paul ni la James Baldwin. Alizaliwa Harlem mwaka 1924, akawa mmoja wa waandishi wakubwa weusi wa Marekani, na mwaka 1970 alikuja hapa akiwa amechoka. Viongozi wa kupigania haki za weusi walikuwa wameuawa mmoja baada ya mwingine: Medgar Evers 1963, Malcolm X 1965, Martin Luther King 1968. Wote alikuwa amewafahamu. Nje ya kuta hizi alipata nyumba, bustani na meza ya kuandikia, akawakaribisha wanamuziki kina Nina Simone na Miles Davis, na akafia hapo tarehe 1 Desemba 1987. Amezikwa jimbo la New York. Nyumba yake haikugeuzwa makumbusho, na kwenye kiwanja chake pamejengwa makazi ya kifahari. Jambo hilo linaniuma, hasa katika kijiji kinachojivunia wasanii wake kiasi hiki. Usiende ukitarajia kuingia sebuleni kwake. Hata hivyo, kujua kwamba alitembea katika njia hizi, na kwamba alipata hapa amani ya kuandika ambayo nchi yake ilimnyima, kunaibadilisha Saint-Paul machoni pa mgeni. Ofisi ya utalii iko mara tu unapopita lango la kaskazini. Waulize kuhusu matembezi yenye kiongozi.

Gharama na chakula

Kuingia vijijini ni bure. Bustani ya Èze inatoza kiingilio cha euro chache. Fondation Maeght inatoza zaidi ya mara mbili yake, na kwa familia hiyo ni hesabu ya kufanya kabla.

Mikahawa ni ghali kote. Ushauri wangu ni kununua chakula Nice asubuhi. Socca ni chapati nyembamba ya unga wa dengu na mafuta ya zeituni, haina nyama kabisa, ila inaliwa ya moto, kwa hiyo ile palepale kabla ya safari. Cha kubeba ni pan bagnat, mkate wa mviringo uliojazwa samaki jodari, yai, nyanya na zeituni. Wanaoepuka nguruwe hawana wasiwasi nao. Saint-Paul utapata mahali pa kukaa na kula kwenye ukuta. Èze nafasi za kukaa bure ni haba.

Umati na saa

Vijiji vyote viwili hujaa kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, kuanzia masika hadi mwisho wa kiangazi. Èze huumia zaidi, kwa sababu meli za utalii zinazotia nanga Villefranche na Monaco huleta makundi ya watu mia kwa wakati mmoja, na vichochoro vyake havipishi. Nenda na basi la mapema, uwe langoni kabla ya saa tatu na nusu, na utakisikia kijiji. Ukichelewa utasikia viongozi wa makundi.

Saint-Paul nayo husongamana kwenye Rue Grande, ambayo imejaa maduka ya picha na sanamu. Dawa yake ni rahisi: ingia njia ya pembeni yoyote inayoelekea ukutani. Hatua chache tu na unabaki na watu wachache. Jioni, makundi yakishaondoka, kijiji hutulia na mwanga hugeuka. Kwa anayeweza kusubiri basi la baadaye, saa hiyo ni bora kuliko asubuhi.

Vyote kwa siku moja?

Inawezekana, lakini viko pande mbili tofauti za Nice na utatumia sehemu kubwa ya siku kwenye mabasi na tramu. Ni heri kuunganisha na jirani wa kila kimoja. Èze inakwenda vizuri na Monaco au Villefranche. Saint-Paul inakwenda na Vence, kilomita chache mbele kwa basi lilelile, ambako Matisse alibuni kanisa dogo la Rozari lililokamilika mwaka 1951. Kanisa hilo halifunguliwi kila siku, kwa hiyo hakikisha kwanza.

Uende wapi?

Ukiwa na wazazi au watoto wadogo, nenda Saint-Paul. Siku haitakuwa ya kumsubirisha mtu.

Ukiwa na nusu siku tu, labda ndege yako ni ya jioni, Èze ya alfajiri ndiyo inayotosha kwenye muda huo. Saint-Paul ya haraka ni hasara, maana Fondation Maeght peke yake inakula saa mbili. Ila kama mizigo iko nawe na ndege iko karibu, kumbuka kwamba Saint-Paul ndiyo iliyo upande wa uwanja wa ndege.

Mpenda kutembea milimani apande kwa miguu kutoka Èze-sur-Mer asubuhi na mapema, ashuke kwa basi. Mpenda vitabu, picha na maisha ya watu aende Saint-Paul, na akae mpaka jioni. Wachumba au maharusi wanaotaka picha za kukumbuka watazipata Èze, mradi wawahi.

Kama unasafiri majira ya baridi, kuanzia Novemba hadi Februari, uzani unabadilika: Èze ina nafasi, hewa ni safi zaidi, na kupanda hakuchoshi. Julai na Agosti, kwa mtu asiyevumilia jua, kivuli cha Saint-Paul na misonobari ya Maeght ni rehema.

Na kama hakuna hata kimoja kati ya haya kinachokuhusu, fungua dirisha asubuhi utazame vilima vya mashariki ya Nice. Vikiwa wazi, panda tramu namba 1 kwenda Vauban. Vikiwa vimefunikwa na wingu, panda namba 2 kwenda Parc Phoenix.